MAGARI YA YUSTO: Tairi la Mbele Kushoto

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, mkono wa Shigela ulikuwa umezama ndani ya sanduku la bati, na Yusto mwandika vibao alikuwa amefumba macho.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo ni haya. Mboje, dereva wa Noah ya abiria inayokwenda Mtowisa na kurudi, alichomokewa na tairi kwenye mteremko wa kushukia bonde la Rukwa. Abiria wake walitoka na michubuko. Yeye alitolewa hajitambui, na mpaka asubuhi hii yuko hospitali hapa Sumbawanga, hasemi wala hasikii. Mtaani ukazuka uvumi kwamba rafiki yake Yusto ana sanduku la kufuli, na humo ndani mna magari madogo ambayo si ya kuchezea watoto. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Flavian, akaona dawa ya uvumi ni kulifungua sanduku hilo uani kwa Yusto, mchana kweupe mbele ya watu. Ufunguo alitoa Yusto mwenyewe.

Sasa mkono ukatoka.

Ulitoka na gari jekundu, fupi kuliko kidole. Shigela, kaka yake Mboje, mtu mrefu aliyepanda kutoka Mtowisa na kuwaachia majirani ng'ombe wake, aliligeuza matairi juu, akalinusa, kisha akaliweka juu ya mkeka.

"Hili ni nini, fundi?"

Yusto akafumbua macho. "Dodge Viper. Gari la Marekani. Huo ni mfano wake tu, kaka. Chuma kidogo na plastiki."

"Na hili?"

"Corvette."

"Na hili la mistari?"

"Ford GT."

Upepo wa Julai ulikuwa unakata, na wanawake walikuwa wamejifunga vitenge juu ya masweta. Kila jina lilipotajwa, mtu alimnong'oneza mwenzake. Hapo Yusto akatambua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Majina yale aliyozoea kuyatamka kwa raha, kama mzazi anayeita wanawe waje kula, masikioni mwa watu hawa yalikuwa majina ya majini.

Shigela aliendelea kutoa. La manjano, la kijivu, jeusi lenye milango inayofunguka kwenda juu. Mkeka ukajaa.

"Mtu mzima, ana mke na mtoto," akasema mwanamke mmoja kutoka nyuma, "anaficha midoli kwa kufuli."

"Nafunga kwa sababu ya vumbi," Yusto akasema. "Na watoto wanavunja vioo."

Ilikuwa kweli tupu, na ilisikika kama uongo.

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo kiasi cha kutia aibu. Miaka ya nyuma, akiandika kibao cha genge la mitumba la Mariana pale sokoni, Yusto aliona gari dogo la chuma kwenye lundo la midoli. Akaliokota. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, la baridi, likakaa kiganjani kama lililopimwa humo. Chini ya tumbo lake jina lilikuwa limechongwa kwa herufi safi kuliko herufi yoyote aliyowahi kuiandika yeye. Mtu anayekula kwa herufi huvutwa na kitu kama hicho. Akalinunua kwa bei ya sahani ya wali na maharage, na tangu siku hiyo kila belo la midoli lilipofika kutoka Tunduma na kukatwa kamba, Yusto alikuwa wa kwanza kuinama.

Hakutaka gari la aina yoyote tu. Alitaka yale ya Kimarekani ya mwendo mkali, mapana, yaliyolala chini kama mjusi, magari ambayo barabara ya Mtowisa ingeyavunja kabla hayajafika kona ya kwanza. Pengine ndiyo maana aliyapenda. Yalikuwa magari yasiyoweza kufika.

Mboje alikuwa akimcheka. Akaja jioni baada ya jioni, akacheka, akayashika, akayarudisha. Mpaka siku moja akasema, "Mshikaji, na mimi nitengenezee langu. Liwe la Kimarekani, lakini lipake rangi za Noah yangu. Niliweke pale mbele ya usukani."

Yusto alikubali. Balaa lilizaliwa hapo.

"Kuna kimoja kimebaki," akasema Shigela.

Kilikuwa kwenye pembe ya sanduku, kimeviringishwa kitambaa cha flana. Shigela akakifungua taratibu. Ndani mlikuwa na gari jeupe lenye mstari wa kijani uliozunguka tumbo, na nyuma yake maneno yaliyoandikwa kwa brashi nyembamba kama unywele: SUBIRA YA KABULA.

Hakuna mtu wa mjini hapa aliyewahi kwenda Mtowisa asiyeyajua maneno hayo. Yalikuwa kwenye kioo cha nyuma cha Noah ya Mboje. Kabula ni mkewe. Na aliyeyaandika kwenye kioo ni huyo huyo Yusto.

Lakini Shigela hakuwa anatazama maandishi. Alikuwa anatazama mbele. Matairi yalikuwa matatu. Mbele kushoto palikuwa na ekseli tupu, imechomoza kama msumari.

Mbele kushoto, msomaji. Tairi lile lile lililochomoka mteremkoni.

Hakuna aliyepiga kelele, na ingekuwa afadhali wangepiga. Watu wa mbele walirudi nyuma, wa nyuma wakasogea ili waone, na katikati yao Yusto akabaki peke yake na mkeka wake.

"Hili la nani?" Shigela akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"La Mboje."

"Mboje ana Noah. Mimi nauliza hili."

"Ndilo lake. Aliniomba nimtengenezee. Nilitaka kumpa sikukuu ya Nanenane."

"Alikuomba mbele ya nani?"

Yusto akafikiri. "Tulikuwa wawili tu."

"Na mmoja hasemi."

"Ndiyo, kaka."

"Tairi liko wapi?"

"Halikuwepo. Nililinunua hivyo hivyo, bovu. Nilikuwa natafuta bovu jingine nitoe tairi."

"Ulinunua kwa nani?"

"Kwa Mariana, sokoni."

Cornelia, mkewe Yusto, hakungoja kutumwa. Alikaza kitenge kiunoni akatoka mbio, na waliobaki uani walisimama kumngoja kama watu wanaongoja jeneza. Aliporudi alikuwa na Mariana, mwanamke mnene mwenye sauti ya soko, ambaye siku zote akimwona Yusto humwita "mteja wangu" tangu ng'ambo ya barabara. Leo hakumwita. Leo hakumtazama.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mariana, gari hili ulimuuzia Yusto?"

"Nimemuuzia mengi, mzee."

"Hili."

"Halikuwa na rangi hii."

"Rangi amekiri ni yake. Nauliza tairi. Ulipomuuzia lilikuwa na matairi mangapi?"

Mariana akafungua mdomo. Na hapo hapo mtu mmoja kati ya waliosimama karibu na choo akasema, si kwa ukali, akasema tu kama anayejiwazia: "Kwa hiyo hivi vitu vinatoka gengeni kwake."

Mariana alisikia. Yusto aliona jinsi alivyosikia. Uso wake ulijifunga kama mlango.

"Manne," akasema. "Mimi siuzi vitu vibovu."

"Mariana," Yusto akasema, "ulinipunguzia bei kwa sababu ya tairi. Ulisema hata mtoto hatalitaka."

"Hilo silikumbuki, baba."

Akaaga, akaondoka kwa haraka, na kandambili zake zilisikika mpaka mwisho wa uchochoro. Ana watoto wanaosoma, ana genge, na kesho nani angenunua mdoli kwenye genge lililouza mauti ya tairi tatu? Yusto alitaka kumchukia, akakosa nguvu ya kumchukia.

Cornelia ndiye aliyekumbuka.

"Baba Edith," akasema, akimshika mkono, "ile picha. Iko kwenye simu."

Kweli picha ilikuwapo. Yusto alikuwa mwanachama wa kundi moja la WhatsApp, watu wa Dar, Arusha, Mwanza na Mbeya, watu wazima wanaokusanya magari madogo kama yeye na kuoneshana walichookota kwenye mitumba. Siku aliyolinunua lile gari bovu alilipiga picha likiwa na rangi yake ya zamani, likiwa na tairi tatu, akaituma humo. Akaitafuta, akaipata, akampa mwenyekiti simu.

Mzee Flavian alivaa miwani. Akatazama picha, akatazama gari, akatazama tena picha. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeanza kuridhika.

"Ni hili hili," akawaambia watu. "Na tairi halipo. Kijana alisema kweli, Mariana ndiye aliyekosea."

Mtu akapumua. Cornelia akafanya ishara ya msalaba.

"Soma maneno," akasema Shigela.

Mwenyekiti akasoma, neno moja moja, kwa sauti ya kusomea mkutano: "Wakuu, natafuta tairi la Viper, la mbele kushoto."

"Na tarehe."

"Ni ya mwezi wa tano."

Shigela aliwaacha watu wafike wenyewe alikokwisha kufika yeye.

"Mdogo wangu amepata ajali juzi," akasema. "Mwezi wa tano alikuwa anaendesha, anakula, anacheka. Na wewe tayari tairi lake la mbele kushoto ulikuwa umeshalitoa."

"Sikulitoa mimi, kaka. Ndicho ninachosema, picha inaonesha—"

"Inaonesha halipo. Inaonesha ulijua halipo. Ukaliandika jina la mke wake juu ya gari lisilo na tairi, ukalifunga kitambaa kama maiti, ukalifungia na kufuli."

Msomaji, ukimtazama mtu anayezama, unaona kila anachokishika kinamvuta chini. Ndivyo ilivyokuwa kwa Yusto. Shahidi wake alimgeuka. Picha yake, ile ile iliyomwonesha kuwa mkweli, ndiyo iliyomfunga.

Mzee Flavian alivua miwani akaikunja.

"Nilitaka kukusaidia, Yusto."

"Najua, mwenyekiti."

"Kila tunapochimba kukutoa, tunakufukia."

Upande wa lango, kati ya vijana, mtu alitaja neno petroli. Alilitaja kama mtu anayeulizia chumvi. Cornelia akasimama mbele ya mumewe bila kusema lolote, mikono yake ikining'inia. Mwenyekiti akatangaza kwamba ameshapiga simu polisi, wametoka kwenye kazi upande wa Msanzi, wako njiani. Hakuna aliyegeuka kumsikiliza.

Aliyewageuza ni Shigela.

"Atakayemgusa huyu atanigusa mimi," akasema. "Huyu akifa, nani atamrudisha Mboje?"

Vijana wakatulia. Maisha ya Yusto yaliokolewa kwa maneno hayo, na kwa maneno hayo hayo alihukumiwa. Alitaka kusema asante. Alitaka kusema hapana.

Ndipo bodaboda ikasimama nje ya lango.

Aliyeshuka ni Kabula, mke wa Mboje, mtoto mgongoni, chupa ya chai mkononi, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Mtu alikuwa amemwita kwa simu, na hapa mjini mtu kama huyo hakosekani kamwe. Watu walimpisha. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye mkeka, akainama, akachukua gari jeupe kutoka mkononi mwa shemeji yake Shigela. Akasoma jina lake mwenyewe. Akapitisha kidole pale mbele kushoto.

"Shemeji," akasema, na alikuwa anamwambia Yusto.

"Kabula. Wewe unanijua."

"Nakujua."

"Nimekula kwako. Nimemshika mtoto huyo kabla hajapewa jina."

"Najua, shemeji."

"Unaamini haya?"

Kabula alifikiri, kwa uaminifu kabisa, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokijua.

"Sijui ninachoamini," akasema. "Daktari anasema tusubiri. Nimesubiri. Nesi anasema tuombe. Nimeomba. Namwosha uso, namsemesha, nageuza mto. Hakuna aliyeniambia jambo hata moja la kufanya ambalo likifanywa mume wangu ataamka. Leo ndiyo naambiwa kuna tairi."

Akapiga magoti. Mtoto mgongoni alikuwa amelala, kichwa kimeanguka upande.

"Rudisha tairi, shemeji."

"Inuka, Kabula. Nakuomba."

"Rudisha kwanza."

"Ni mdoli. Mungu anaona, ni mdoli tu."

"Basi kama ni mdoli," akasema Kabula, "utapungukiwa nini?"

Yusto alitafuta jibu. Alilitafuta kwa kweli. Neno hilo halikuwa na upande wa kulishikia.

"Usifanye," Cornelia akasema nyuma yake. Alikuwa anaongea polepole, na hilo lilimtisha Yusto kuliko kilio. "Baba Edith, nisikilize. Ukilirudisha hilo tairi mbele ya watu hawa, umekiri. Mtoto wetu atakwenda shule kama mtoto wa nani? Kibao cha nani utaandika tena mji huu?"

"Nisiporudisha?"

"Usiporudisha unabaki Yusto."

"Na Mboje akifa leo?"

Cornelia akamtazama Kabula pale chini alipopiga magoti.

Yusto aliliona shimo lote. Akikataa na Mboje akafa, yeye ndiye aliyeombwa kwa magoti akakataa. Akikubali na Mboje akafa, wataambiana alichelewa kwa makusudi. Kati ya mashimo hayo mawili alichagua lile ambalo Kabula angekuwa na kitu cha kushika mkononi. Shimo la tatu hakuliona. Labda wewe msomaji umeshaliona.

"Nipeni koleo langu dogo," akasema. "Na gundi. Viko kwenye kopo la brashi."

Hakuna aliyetikisika. Cornelia ndiye aliyekwenda, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angethubutu kushika vitu hivyo. Alivileta, akaviweka chini badala ya kumpa mkononi, akaenda kukaa kizingitini.

Tairi lingetoka wapi? Kulikuwa na moja tu lililolingana. Lilikuwa kwenye Viper nyekundu, gari lake la kwanza, lile aliloliokota gengeni siku ile. Muda wote alipokuwa akiwaulizia watu wa Dar na Arusha, tairi lilikuwa ndani ya sanduku lake mwenyewe, lakini moyo ulimkatalia kulivunja lile. Sasa alilishika, akabana, akavuta. Lilitoka na mlio mdogo kama ukucha unaokatwa. Mikono yake, mikono inayoandika herufi zilizonyooka bila rula, ilikosea, na tone la kwanza la gundi lilidondokea suruali. La pili likakaa. Akalisukuma tairi kwenye ekseli, akalishikilia, akahesabu moyoni mpaka likashika.

Akaliviringisha kidogo juu ya mkeka. Likaenda.

"Limekaa," akasema.

Kabula alilipokea kwa mikono miwili.

"Amesema maneno gani?" mtu akauliza nyuma.

"Hajasema."

"Amesemea moyoni. Wanasemea moyoni hao."

"Tumeona sote," akasema Shigela. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, akawa kama anatafuta kitu kilichoanguka kati ya viatu vyake.

Walikaa hivyo. Watu wengi, ua mdogo, upepo. Yusto alikuwa bado amechuchumaa, koleo mkononi, akingoja aambiwe kinachofuata katika maisha yake, kwa maana si yeye tena aliyekuwa akiyapanga.

Simu ya Kabula ikaita.

Alikuwa ni Debora, dada yake, aliyemwacha kando ya kitanda hospitalini. Kabula alisikiliza. Akabadilisha sikio.

"Sema tena," akasema. "Sema polepole."

Kisha akakaa chini, pale pale vumbini, na simu ikaanguka kwenye mapaja.

"Amefungua macho," akasema. "Ameomba maji."

Kigelegele kimoja kilipanda, cha mwanamke asiyejua alichokifanya, na kikakatika katikati. Hakuna aliyekidaka. Watu wote walikuwa wamegeuka, na walikuwa wanamtazama Yusto.

Yeye alikuwa analia. Machozi yalikuja yenyewe, ya furaha, ya kweli, kwa kuwa Mboje alikuwa rafiki yake, na Mboje ameomba maji. Alisimama ili aende kwa Kabula, amshike mkono, waende wote hospitali. Alipopiga hatua, watu walirudi nyuma kwa pamoja. Alipopiga ya pili, Kabula alimvuta mtoto kutoka mgongoni, akamkumbatia kifuani, akamgeuza uso aelekee ukutani.

"Asante, shemeji," Kabula akasema bila kumtazama. Ilikuwa sauti ya mtu anayemshukuru mwenye bunduki kwa kutofyatua.

"Kabula, si mimi. Amepona mwenyewe. Ni Mungu na madaktari."

"Ndiyo, shemeji."

"Akipata nguvu muulizeni. Muulizeni nani aliniomba hilo gari. Atawaambia."

Shigela alikuwa anavaa kofia yake. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulikuwa umelainika, na ndani yake hapakuwa na hasira tena. Palikuwa na kitu kibaya zaidi, heshima ya mtu anayesimama mbali.

"Tutamuuliza, fundi," akasema. "Atasema alikuomba, nami nitamwamini. Lakini tairi limerudi, na yeye ameamka. Hilo hatukuhadithiwa. Tumeliona kwa macho yetu."

Kwa hiyo hata ulimi wa Mboje, ule ambao Yusto alikuwa akiuombea ufunguke, haungemwokoa. Alilielewa hilo akiwa bado wima.

Shigela alimwinua Kabula, wakatoka langoni, mtoto katikati yao na gari jeupe kwenye kiganja cha mama. Bodaboda ikawaka. Mzee Flavian alimsogelea Yusto, si karibu sana.

"Polisi wakija," akauliza, "niwaambie nini? Kwamba umefanya kosa gani? Umemponya mtu?"

Yusto alianza kuyaokota magari yake ili ayarudishe sandukuni, la kwanza, la pili, na hapo ndipo alipotambua kwamba watu hawakuondoka. Mgonjwa ameamka, aliyemshitaki ameondoka, jua limepanda, mahindi yanangoja kupukuchuliwa, na bado hakuna aliyeelekea langoni. Hawakuwa wanamtazama yeye tena. Walikuwa wanatazama mkeka.

Bibi mmoja akatoka kati yao, akiegemea fimbo. Ni bibi Lucia, mama wa ubatizo wa Yusto, aliyemshika kanisani akiwa mchanga na ambaye kila Krismasi humletea unga wa ulezi. Mwaka jana alimzika mwanawe Leonidas, dereva wa lori la dagaa, aliyeanguka nalo akitokea Kirando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alishuka chini kwa taabu, fimbo ikimtetemekea, akakaa kwenye ukingo wa mkeka. Akachukua gari moja, akalipangusa kwa upindo wa kitenge, akalitazama chini ya tumbo, akaliweka. Akachukua jingine.

"Mama, unatafuta nini?"

Bibi Lucia alimtazama. Hakukuwa na lawama yoyote machoni mwake. Alikuwa na sura ya mtu aliyefika dirishani baada ya foleni ndefu.

"Niambie tu, Yusto. La Leonidas wangu ni lipi? Sitakasirika. Nataka nilishike."

Nyuma yake mwanamume mmoja alivua kofia, akasogea, akasimama akingoja zamu. Nyuma ya huyo akasimama mwingine.